Kasi ya Siku za Matanga

Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango, narudi kulishika komeo. Nikiandika na kalamu ikateleza kwenye herufi moja, nauchana ukurasa mzima naanza upya. Shuleni walimu waliusifu mtindo huo wakauita unadhifu. Mama yangu, anayeishi nao chini ya paa moja, anauita ugonjwa. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu asiye na ugonjwa huu hawezi kuelewa jinsi nilivyoupenda ule mshale.

Mshale wenyewe uko ndani ya simu. Unafungua ukurasa, unabonyeza neno "Anza", linatokea duara kama lile la mbele ya dereva. Mshale unapanda, unatetemeka, unatulia, kisha unapewa namba: hii ndiyo kasi ya intaneti ya nyumbani kwako. Katika maisha yangu hakuna kitu kingine kilichowahi kunijibu upesi hivyo. Ukiomba kazi, hawajibu. Ukisali, unajibiwa kwa namna ambayo lazima uitafutie maana. Mshale haukuwahi kunisubirisha.

Na wakati ule namba yake ilikuwa imeibeba nyumba yetu.

Baba alianguka kutoka kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo miguu yake haimsikii. Ni mtu mkubwa, mwenye mifupa mizito. Mama peke yake hawezi kumgeuza kitandani wala kumtoa nje aote jua. Tukiwa wawili tunaweza. Kaka zangu wana miji yao mbali. Kwenye kikao cha familia mambo yaliwekwa wazi. Nikipata kazi ya kufanyia nyumbani, nabaki hapa kijijini kwetu Kirushya na baba anabaki kwake. Nisipopata mpaka maharage yavunwe, nitakwenda Biharamulo kwa shangazi, ambaye ana nyumba ya wageni na anahitaji mtu wa kuaminika, na baba atapelekwa Nyamiaga kwa kaka yake, ambako kuna vijana wa kumnyanyua na hospitali iko karibu. Wote waliuona mpango huo kuwa mzuri. Baba alisubiri kikao kiishe. Tulipobaki wawili ndipo aliponiambia, "Kwa kaka yangu nitakuwa mgeni mpaka nife. Mgeni hata kukohoa anaomba ruhusa."

Kazi niliyokuwa naiwinda ilikuwa ya ukalimani. Kuna kampuni ya ng'ambo inayounganisha wagonjwa na wakalimani kwa njia ya video. Huko wako wazee waliotoka Burundi, wakaishi kwetu miaka ya kambi za wakimbizi, kisha wakapelekwa nchi za mbali, na sasa wanazeeka bila kuishika lugha ya huko. Wakienda kwa daktari wanahitaji mtu wa kusimama katikati. Sisi Wahangaza, wenyeji wa Ngara mpakani, na Warundi tunasikilizana bila shida. Kirundi chenyewe nilikinyoosha kwa redio za ng'ambo ya mpaka. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kamusi isiyo na jalada. Chuo sikwenda. Mtihani wao wa lugha nikaufaulu, na barua pepe ya matokeo nikaisoma mara nyingi nikitafuta mahali walipokosea.

Lilibaki sharti moja. Intaneti ya nyumbani ifikie kasi fulani, ipimwe kwa kile kipimo cha mtandaoni, na picha za matokeo zitumwe kila siku kwa siku kadhaa, saa ileile ambayo ningekuwa kazini. Kwao ni asubuhi, kwetu alasiri.

Mama aliuza beberu tukapata ruta, kisanduku kinachovuta intaneti kutoka mnara wa simu. Mnara tunauona dirishani, uko juu ya mgongo wa kilima, kichwa chake kimezidi migomba kidogo. Niliiweka ruta dirishani, nikapima. Nikaiweka juu ya kabati, nikapima. Nikaining'iniza kwenye boriti kwa kamba ya mkonge, nikapima. Kila mahali nilipopima nilichora alama kwa chaki, na nyumba ikawa kama imevamiwa na fundi asiyejua anachojenga.

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo asiyepita mlangoni kwa mtu bila kuacha neno, alinikuta nimesimama juu ya kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uko huko juu, unafukuza popo?"

"Napima kasi ya intaneti."

"Na ukishaijua? Utashindana nayo?"

Mama akadakia kutoka jikoni, "Mwache, huyo ndiye mchumba wake. Anamwangalia asubuhi, anamwangalia mchana, anamwangalia jioni."

"Basi mchumba alete hata chumvi!"

Walicheka mpaka baba naye akacheka chumbani. Nikacheka pia. Kisha nikapima tena, kwa sababu nilipocheka mkono ulikuwa umetikisika na sikuiamini ile namba.

Matokeo hayakuwa mazuri. Alasiri moja namba ilifika, alasiri ya pili haikufika hata nusu. Ndipo nikaanza kusoma, kama ninavyofanya kila kitu kinaponishinda, na jambo la kwanza nililojifunza lilitakiwa kunitosha. Kipimo hakipimi njia yote kutoka nyumbani kwako mpaka huko unakotaka kufika. Kinachagua chenyewe kompyuta ya kupimia, na kwa kawaida kinachagua iliyo karibu. Sisi tunaishi pembeni mwa nchi, mahali ambapo unaweza kuwa unapalilia shamba lako mwenyewe na simu ikakuletea ujumbe wa kukukaribisha Burundi. Kwa hiyo kipimo changu mara nyingine kilikuwa kinakwenda kugonga mji wa jirani tu, hapo ng'ambo ya mpaka, na kurudi kwa furaha. Ni sawa na mtu akuulize kutoka kwako mpaka Ngara mjini ni mwendo gani, nawe utembee mpaka kwa jirani, urudi umwambie, "Si mbali." Ni kweli umetembea. Lakini Ngara hujafika, na hao wazee wangu walikuwa mbali kuliko Ngara.

Nililijua hilo. Nikaliweka pembeni, kwa sababu kilichoombwa kilikuwa picha.

Kisha akafa mzee mmoja wa upande wa nyuma wa kilima. Alikuwa katekista zamani, na karibu kila mtu wa kwetu, mama yangu akiwemo, alifundishwa sala naye. Kwetu mtu akifa, jembe linalala. Halishikwi siku za msiba wala siku za matanga, na anayelima wenzake wanapolia atasemwa mpaka kwa wajukuu. Kwa mzee yule kilima chote kilihamia upande wa nyuma. Wanawake walibeba ndizi na kuni, wanaume wakabeba mabenchi ya kigango, wanakwaya wakabeba spika na betri. Pale senta maduka yakafungwa. Mwenye banda la video, ambaye hafungi hata Krismasi, alifunga.

Mama alishinda msibani. Alikuwa anarudi tu kumgeuza baba pamoja nami, anakula kidogo akiwa amesimama, anaondoka. Mimi nilibaki na baba. Hakuna aliyenilaumu, nyumba yenye mgonjwa lazima iache mtu.

Alasiri ya kwanza nilipima kwa mazoea tu. Mshale ulipanda, ukapita pale ulipozoea kuchoka, ukaendelea kupanda, ukatulia juu kabisa bila kutetemeka. Nikasema ni kosa. Nikarudia. Ukaenda palepale.

"Baba! Imefika!"

"Nani amefika?"

"Kasi!"

"Basi mkaribishe ndani, mbona unapiga kelele?"

Siku iliyotangulia nilikuwa nimeisogeza ruta kidogo upande wa kushoto wa dirisha na kuiegemeza kwenye kikapu cha mama cha mbegu. Niliamini hapo ndipo palipokuwa pakinikimbia siku zote. Nilipiga marufuku mtu kugusa kikapu. Nilipiga marufuku pazia. Mama alipotaka mbegu zake nilimchotea mwenyewe kwa kijiko, polepole, kama mtu anayemnywesha mtoto mgonjwa dawa.

Siku zote za matanga namba ilikuwa ileile. Kutoka nyuma ya kilima sauti za kwaya zilikuwa zinakuja zikipotea na upepo, na mimi nilikuwa nimeketi dirishani nabonyeza, natazama, nabonyeza, moyo wangu mwepesi katika juma ambalo kila mtu ninayemjua alikuwa analia. Nikatuma picha. Wakajibu kwamba wameridhika, na wakanipangia simu ya mwisho ya majaribio. Nilimsomea baba barua ile kwa Kihangaza, neno kwa neno. Akaniambia nimletee shati lake la kanisani. Alishinda nalo kitandani siku hiyo, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

Siku ya majaribio matanga yalikuwa yamekwisha. Watu walikuwa mashambani tangu alfajiri, kama wanaolipiza. Alasiri walianza kurudi, wanafunzi wakatoka shule, na kutoka senta nikasikia banda la video limewashwa. Sikuviwazia vitu hivyo. Nilikuwa nimeazima kompyuta ya mwalimu mmoja, nimeifuta vumbi hata katikati ya herufi, na masharti yalisema nitume picha nyingine ya kipimo kabla ya simu.

Nikapima. Mshale ulipanda kidogo ukaketi.

Nikapima tena. Nikazima ruta nikaiwasha. Nikasogeza kikapu, nikakirudisha. Kila namba mbaya niliipa sababu ya kutohesabiwa: hapa mama alipita mbele ya dirisha, hapa wingu lilikuwa zito, hapa nilibonyeza kabla ruta haijatulia. Mwishowe mshale ukapanda mara moja, ukaugusa mstari waliouweka na kuuzidi kwa unywele. Nikapiga picha. Kisha nikaacha. Mimi nisiyeamini komeo la mlango mpaka nilishike mara ya pili, nililiamini hilo jibu moja kati ya yote, kwa sababu ndilo nililolitaka.

Simu ilipoita kulikuwa na watu wawili kwenye skrini. Mmoja alikuwa msimamizi, mwanamume mpole anayezungumza Kiingereza cha polepole. Wa pili alikuwa bibi aliyevaa sweta na kilemba cha kitenge, ameketi karibu na dirisha lenye mwanga mweupe usio na jua. Msimamizi alieleza kwamba bibi huyo huwasaidia katika majaribio. Atajieleza kama mgonjwa, nami nitafasiri. Nikamwamkia kwa Kirundi kama nilivyofundishwa na redio. Akainamisha kichwa.

"Wewe si wa Burundi."

"Hapana, bibi. Mimi ni wa Ngara."

"Ngara!" Uso wote ulifunguka. "Mtoto wangu wa pili nilimzaa kambini Lukole. Kuni za kwenu zilinivunja mgongo!"

Msimamizi akauliza anasema nini. Nikafasiri, na yeye akacheka mahali hasa ambapo bibi alikuwa amecheka. Sijawahi kujisikia hivyo kabla wala baada ya hapo. Kwa muda ule mfupi kila kitu nilichojifunza peke yangu, kwa aibu, kwa kujificha, kilisimama kwa miguu yake mbele ya watu.

Kisha ikaanza kukatika. Mdomo wa bibi ulitembea bila sauti, ukaganda, na sauti ikaja baadaye, vipandevipande, kama bomba la senta maji yanaporudi: kwanza upepo, kisha tone, kisha mengi kwa ghafla. Alikuwa anaeleza maumivu. Nilisikia "usiku". Nilisikia "upande huu". Nilisikia "ni kama". Kama nini? Katika kazi ile hilo la mwisho ndilo kazi yenyewe. Maumivu kama moto na maumivu kama jiwe hayaendi kwenye dawa moja. Mtu mwingine angekisia. Mimi siwezi kukisia.

"Bibi, naomba urudie."

Akarudia. "Ni kama..." Ukimya. Uso wake umesimama, jicho moja limefumba nusu.

"Naomba urudie tena, tafadhali."

Alirudia, akarudia. Kisha maneno haya yakafika mazima, hayakupungua hata herufi: "Mwanangu, hata daktari hanichoshi hivi."

Msimamizi akaingilia kati. Aliniuliza kuhusu mtandao wangu. Nikamwambia ni mzuri, nimeupima sasa hivi. Sijui kama alisikia, kwa hiyo nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Nikachukua simu yangu, nikaifungua ile picha, nikaisogeza mbele ya kamera ya kompyuta na kuishika hapo kwa mikono miwili, namba ikimtazama.

"Picha naiona," alisema. Sauti yake ikapotea, ikarudi. "Wewe sikusikii."

Kitu cha mwisho nilichokiona ni bibi ameinua kiganja. Skrini iliganda hapo, na sikujua kama alikuwa ananiaga au anamwambia msimamizi inatosha.

Baba, ng'ambo ya ukuta, alikuwa amesikia upande wangu tu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona ulikuwa unamwomba arudierudie? Huyo bibi ni bubu?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi."

Baada ya muda alisema anataka kugeuzwa, na mama alikuwa bado hajarudi, kwa hiyo alisubiri.

Barua yao ilikuwa ya adabu. Lugha zangu ni bora, waliandika. Mtandao wangu hautegemeki. Wangefurahi niombe tena nitakapohamia mahali penye mawasiliano mazuri zaidi. Nililisoma neno hilo, kuhama, mpaka likaacha kuwa neno. Kazi niliyoitafuta ili nisihame ilikuwa inanitaka nihame.

Nikarudi kusoma, kama mtu anayemsomea marehemu dalili za ugonjwa uliomuua. Namba ile kubwa ya katikati, niliyoipenda, inaeleza jinsi unavyovuta vitu kuja kwako. Ya kutuma imeandikwa ndogo chini yake. Ya ucheleweshaji, yaani muda wa sauti kwenda na kurudi, imeandikwa ndogo zaidi, na vipande vinavyopotea njiani, kwenye kipimo nilichokuwa natumia, havikuandikwa kabisa. Kwa muda mfupi kipimo kinavuta kwa nguvu zote, kama mtu anayenyanyua gunia mara moja na kulitua. Sauti ya bibi haikuhitaji nguvu hizo. Ilihitaji njia nyembamba tu, lakini isiyokatika, kwenda na kurudi, muda wote anaozungumza. Mimi nilipima uzito ninaoweza kunyanyua. Wao walitaka kujua kama naweza kupanda kilima na kikombe kilichojaa bila kumwaga.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililonikosesha usingizi. Zile siku nilizotuma picha mshale haukuyumba. Kwa nini? Kikapu kilikuwa palepale. Ruta palepale. Nilivitazama vitu hivyo kwa chuki, kama mashahidi waliobadilisha maneno.

Jibu lilitoka kwa mama bila yeye kujua kwamba nauliza. Tulikuwa tunamenya ndizi uani, naye anasimulia mambo ya msiba, kama anavyofanya mpaka yaishe yote. Nani alipika, nani alijifanya anaumwa mgongo siku ya kuchimba kaburi.

"Na simu," alisema, "kule nyuma hata moja haikuwa inatoka. Watu wengi mno, wote wanapiga picha, wote wanawatumia ndugu. Unapiga mpaka unachoka. Padre mwenyewe ilibidi apande huku juu kutafuta mtandao."

Nikaacha kumenya.

Upande wa nyuma wa kilima una mnara wake. Watu wote wa upande wetu, na simu zao, walikuwa wamehamia huko. Banda la video, linalovuta sinema zake mtandaoni, lilikuwa limefungwa, senta imefungwa, wanafunzi wako msibani wanaimba. Mnara wa huku ulikuwa umebaki na mimi na kuku. Kumbe sikuwa nimegundua mahali pa kuweka ruta. Mshale haukunidanganya hata siku moja. Ulisema kweli tupu juu ya kilima ambacho watu wake walikuwa wamekwenda kuzika. Watu waliporudi, kila mmoja na simu yake mfukoni, walirudi pia kwenye ile njia, na mimi nikawa mmoja kati yao, kama ninavyostahili.

Nilimweleza mama. Alisikiliza kisu kikiwa hewani.

"Kwa hiyo wewe, ili upate kazi, kila siku afe mtu?"

Alilisema kama utani, na kicheko kilishaanza kumtoka. Kisha akakisikia alichosema, akaweka kisu chini, akafanya ishara ya msalaba.

Tangu hapo nilipima kama inavyotakiwa. Nilipima asubuhi na mchana na jioni, kwenye jua na kwenye mvua, siku ya gulio na siku ambayo hakuna kitu. Nilikiamuru kipimo kiende kwenye kompyuta za mbali, kule walikokuwa wale wazee. Nilitazama namba ndogo za chini. Muhimu kuliko yote, sikuitupa namba mbaya hata moja. Mtu akiniuliza leo kama vipimo hivi vinaaminika, nitamwambia ndiyo, kwa swali vinalolijibu, na swali lenyewe ni dogo: wakati huu, mahali hapa, kwenda pale karibu, mambo yakoje? Lakini sisi hatuviulizi hivyo. Tunaviuliza kama tutaweza kuishi.

Kwa hiyo nilipata, kwa mara ya kwanza, jibu sahihi. Lilikuwa zuri kwa jinsi lilivyokamilika, halikuwa na pengo. Lilisema kwamba nyumba yetu, saa ile ya alasiri, haiwezi kubeba sauti ya mtu mmoja mpaka ng'ambo bila kuivunja. Maisha yangu yote niliamini kwamba nikifanya jambo bila kosa, kitu kitafunguka. Nililifanya bila kosa. Maharage yalikuwa yamekauka shambani, yanasubiri kung'olewa.

Baba mkubwa alikuja na gari la kukodi na vijana wake. Walimnyanyua baba kwa urahisi ambao uliniumiza. Mimi na mama tulikuwa tunahema kila mara, wao walikuwa wanaongea habari za mpira. Baba aliwaomba wampitishe nyuma ya nyumba. Wakampitisha. Alitazama migomba, kisha akamwambia kaka yake, "Twende, nisikucheleweshe," kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuitumia nyumbani kwake.

Mama alibaki na shamba. Mimi niko Biharamulo, kwa shangazi. Natandika vitanda, napokea wageni, nafua mashuka. Mtandao wa hapa ni mzuri. Wageni wanaridhika, na anayelalamika namwambia azime simu aiwashe. Shangazi alinishauri niombe tena ile kazi nikiwa hapa, na huenda nikaomba. Ila hata wakinipa, mikono yangu itakuwa Biharamulo. Mkalimani wa Biharamulo hamgeuzi mtu kitandani Kirushya.

Jumapili iliyopita baba alinipigia kwa simu ya mmoja wa wale vijana. Nyamiaga iko karibu na mji, na sauti yake ilikuja kama ameketi pembeni yangu. Nilisikia anavyovuta pumzi. Nilisikia kijiko kinagonga kikombe mahali fulani nyuma yake. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za shangazi, nikajibu.

Kisha akashusha sauti, kama mtu asiyetaka wenye nyumba wamsikie.

"Mnakuja kunichukua lini?"

Hakukuwa na neno lililokatika. Hakukuwa na la kumwomba arudie.

"Sijui, baba."

Nilishusha simu nikatazama skrini, nikidhani laini imekatika. Haikuwa imekatika. Muda wa maongezi ulikuwa unaendelea kuhesabu, na alama za mtandao zilikuwa zimejaa zote.